Binti wa Mdaiwa

Limi Maduhu alikuwa amekwisha kulizoea lile benchi la nje ya mahakama ya mwanzo. Alijua upande wenye msumari uliochomoza, na alijua kwamba kivuli cha bati huhama mapema kikamwacha mtu juani. Kwa hiyo aliketi karibu na ukuta, akavua kandambili, akanyoosha miguu. Alikuwa ametoka nyumbani kwake Nyasubi, mjini Kahama, kungali giza, akabadilisha gari njiani, kisha akapanda bodaboda mpaka huku upande wa Kharumwa, alikoolewa zamani. Alichokifuata kilikuwa kimoja tu: nakala ya talaka yake.

Hakuwa na haja nayo miaka yote hiyo. Aliuza mchele sokoni, akaishi na Herman, fundi wa kuchomelea vyuma, wakapata binti yao Blessing, na hakuna aliyemdai karatasi. Ila kanisani alikuwa ametengwa. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana, wenzake wakiinuka, yeye hubaki ameketi na pochi yake mapajani, akiangalia migongo yao. Alikuwa akiimba kwaya kabla ya kutengwa, sauti ya pili, na mpaka leo nyimbo zote anaziimba kwa sauti hiyo akichambua mchele. Kulikuwa na akina mama waliosema kwamba Limi alimkimbia mume wa ndoa akamfuata fundi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kutengwa kwenyewe, maana alipokutana na Herman alikuwa amekaa kwa baba yake misimu miwili ya pamba, ameachika, na kila mtu kijijini alijua.

Sasa Herman, aliyekuwa akiahirisha neno la harusi mwaka hadi mwaka, alikuwa amekubali kufunga ndoa. Mchungaji naye alifurahi. Alisema atatangaza ndoa hiyo mara tu atakapoiona talaka ya kwanza.

"Niletee karatasi ya mahakama, Mama Blessing," alimwambia. "Wakiiona tarehe, maneno yatakwisha."

Mlango ukafunguliwa, karani akatoa kichwa. Alikuwa msichana wa kutoka Tanga, jina lake Mwahija, mwenye ushungi mweupe na vumbi la mafaili mikononi.

"Shikamoo mama. Umerudi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimerudi. Nikiwachosha mniambie."

"Unachoka wewe unayesafiri, sisi tumekaa. Ingia."

Mwahija alikuwa ametafuta jina la Limi kwenye mashauri yote ya ndoa ya miaka ile, wala hakuliona. Siku hiyo akaamua kuuliza kwa namna nyingine.

"Hebu nieleze upya, mama. Siku ya kesi wewe ulisimama wapi?"

"Sikusimama. Nilibaki nje na punda tuliokuja nao. Aliyeitwa ndani ni baba yangu."

"Aliyeshtaki nani?"

"Ndaki. Mume wangu. Alikuwa anataka ng'ombe zake."

Mwahija akaingia stoo. Limi alisikia maboksi yakiburutwa, na karani akipiga chafya. Aliporudi alikuwa na faili jembamba, kona zake zimeliwa na mchwa. Alilisoma akiwa amesimama, akageuza, akalisoma tena, kisha akavuta kiti na kuketi karibu na Limi badala ya kuketi mezani kwake.

"Mama, hii si talaka. Hii ni kesi ya ng'ombe."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Siyo hiyo hiyo, mama yangu. Hapa Ndaki anamdai mzee Maduhu arudishe mahari kwa sababu mke ameondoka. Mahakama ikaamuru mahari irudi. Basi. Hakuna mahali hakimu aliposema ndoa imevunjwa. Hakuulizwa."

"Lakini ng'ombe walirudi. Walitolewa zizini kwa baba nikiona, wakaswagwa mpaka kwao. Hakubaki hata ndama."

"Naamini. Ila kwa sheria, ng'ombe kurudi hakuvunji ndoa. Ndoa inavunjwa na mahakama." Mwahija akashusha sauti. "Bado wewe ni mke wa Ndaki."

Limi hakulia. Aliangalia kandambili zake zilizobaki mlangoni, moja imepinduka, akatamani kuinuka aigeuze, ila hakuinuka.

"Jina langu limeandikwa wapi humo?" aliuliza.

Karani akafuata mistari kwa kidole. "Halipo. Wameandika 'binti wa mdaiwa.' Baba yako ndiye mdaiwa."

Mwahija akamweleza njia: aanzie baraza la usuluhishi la kata, baraza likishindwa kuwapatanisha liandike barua, kisha afungue shauri la talaka hapo hapo mahakamani, yeye na Ndaki wakiitwa. Akamwambia pia kwamba nakala ya hukumu ya ng'ombe anaweza kuiomba, ikimfaa.

Jioni hiyo Limi alilala kwa kaka yake Magesa, kwenye boma la baba yao. Magesa alimsikiliza mpaka mwisho huku akikamua ng'ombe, kisha akacheka kwa hasira.

"Wewe dada, nani alikwambia ndoa inakaa kwenye karatasi? Baba alitoa ng'ombe mpaka zizi likaota majani! Mimi nilichelewa kuoa kwa ajili ya ng'ombe zile zile. Leo katoto ka mahakamani kanasema bado?"

"Si yeye. Ni sheria."

"Sheria ilikuwa wapi siku tunaswaga? Ndaki alikuja na wazee wake, wakala, wakanywa, wakaondoka na mifugo. Kwetu hapo imekwisha. Mjinga gani angerudi mahakamani kutafuta kilichokwisha?"

"Wote, Magesa. Wote tulikuwa hivyo. Baba, Ndaki, hata mimi."

Magesa akasogeza kibuyu cha maziwa. "Kunywa ulale. Umekonda kama mtu wa njaa na mchele unao wewe."

Asubuhi walikwenda pamoja kwa Ndaki. Alikuwa amerudi kijijini baada ya kuhangaika miaka mingi kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, huko Katoro na kwingine. Walimkuta uani akirekebisha plau, mkewe akianika mihogo. Kifua chake kilikuwa kikikoroma kwa vumbi la mawe, na nywele zote zilikuwa nyeupe. Limi alimwangalia akashangaa kwamba huyu ndiye mtu ambaye yeye aliwahi kumwogopa.

"Mwangaluka," alisalimia Magesa.

"Mwangaluka, shemeji. Karibuni." Ndaki alipousikia mkasa wote aliweka nyundo chini akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe! Mama nanihii, umesikia? Mwenzako huyu hapa, mke mkubwa, amerudi! Haya, Limi, jiko lile pale. Nipikie."

"Pika mwenyewe," alisema Limi. "Nilikupikia ukiwa na meno."

Mke wa Ndaki alicheka kwa nguvu, na Magesa akageuza uso. Ndaki mwenyewe akatabasamu, kwa kweli meno ya mbele hayakuwapo.

"Sasa mimi nije mahakamani kufanya nini? Mimi sina shida. Mimi hata nikiwa na wake wawili ni sawa tu."

Limi alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha. Kwamba kwa miaka yote, huyu alioa tena bila mtu kumuuliza neno, na yeye ndiye aliyekuwa akikaa benchi la nyuma kanisani. Angeweza kulisema. Akaona ni mzigo mwingine wa kubeba, akauacha.

"Nisaidie tu, Ndaki. Nimechoka."

Ndaki akaokota nyundo, akagonga plau mara kadhaa bila sababu. "Nitakuja," alisema. "Nauli yangu umpe shemeji, asije akasema nimekula ng'ombe nikala na nauli."

Baraza la kata liliwaita, likaahirisha kwa sababu mwenyekiti amefiwa, likawaita tena. Wajumbe waliwauliza, kama inavyotakiwa, kama wanaweza kupatana warudi kuishi pamoja. Ndaki alisema mke aliye naye atampiga mwiko wa kichwa. Barua ikaandikwa. Mvua zikaanza, barabara ikaharibika, shauri likapangiwa tarehe nyingine. Herman alianza kuuliza kila Limi anaporudi, kisha akaacha kuuliza, akawa anamwekea tu maji ya kuoga. Limi naye alipunguza kusema. Sokoni alipima mchele, akajibu wateja, akafunga meza. Akina mama wale wa kanisani walimuuliza harusi lini. Aliwaambia barabara ni mbaya.

Siku ya shauri chumba cha mahakama kilikuwa karibu kitupu. Hakimu alimsikiliza Limi, akamsikiliza Ndaki, akamsikiliza Magesa, aliyeeleza habari za ng'ombe kwa urefu mpaka akaombwa afupishe.

"Mlijaliwa watoto katika ndoa hiyo?" hakimu aliuliza.

Limi alikwisha kufungua mdomo aseme hapana. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye hukumu ya zamani, kwamba hakuna mtoto, na ndiyo maana mahari yote ilirudi, maana desturi hupunguza ng'ombe kwa kila mtoto anayebaki upande wa baba. Alikuwa amezoea kusema hapana.

"Mmoja," alisema Ndaki kutoka upande wa pili. "Wa kiume. Alifariki kabla hajatembea. Anaitwa Edson."

Hakimu akaandika. Limi alikaza macho mezani. Miaka yote hiyo hakuwa amelisikia jina hilo likitoka kwenye mdomo mwingine zaidi ya wake.

Ndoa ilivunjwa siku hiyo. Nje, Ndaki alimpa mkono Magesa, kisha akamgeukia Limi kana kwamba anataka kusema jambo, akaishia kusema, "Safari njema, Mama Blessing." Akapanda bodaboda akikohoa.

Nakala haikupatikana siku ile ile. Limi alifuata tena. Mwahija alimkabidhi hati ya talaka yenye muhuri, na chini yake, bila kuombwa, nakala ya ile hukumu ya ng'ombe.

"Chukua zote, mama. Hii mpya itakufungulia mlango. Ila tarehe yake ni ya juzi."

"Nimeiona."

Ndani ya gari la kurudi Limi aliishika bahasha mapajani kama anavyoshika pochi yake kanisani. Alikuwa huru sasa. Lakini kwa karatasi hiyo, miaka yote aliyoishi na Herman alikuwa mke wa mtu, na wale akina mama walikuwa wamesema kweli bila kujua.

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji, na vumbi la safari mwilini, akaketi kabla ya kukaribishwa. Mchungaji aliisoma hati ya talaka, akasimama kwenye tarehe, akavua miwani.

"Mama Blessing. Hii ni ya mwezi huu."

"Ndiyo, Mchungaji. Isome na hiyo nyingine."

Akaisoma polepole. Ndaki, mdai. Maduhu, mdaiwa. Majike, madume, mitamba. Amri ya kurudisha. Tarehe ya zamani, kabla Herman hajafika kwenye maisha yake.

"Hapa wanazungumza habari za mifugo tu," alisema mchungaji. "Wewe uko wapi?"

Limi aliinuka kwa kujikongoja, akazunguka meza, akaweka kidole chini ya mstari.

"Hapo palipoandikwa binti wa mdaiwa. Ndiye mimi. Nilikuwa nje na punda."

Mchungaji aliuangalia mstari ule kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Mzee mwenyewe alizaliwa huku huku, ameshuhudia ng'ombe wengi wakienda na wakirudi. Akazibana karatasi mbili pamoja, ile ya zamani juu, ile mpya chini.

"Jumapili nitatangaza," alisema. "Na anayetaka kuuliza tarehe, aje aniulize mimi."

"Asante, Baba Mchungaji."

"Utaimba?"

Limi alifikiri. Alikuwa na hamu ya kulala tu, na ya maji ambayo Herman atakuwa ameyaweka.

"Nitaimba Jumapili inayofuata," alisema. "Hii nitakaa tu."