Dawa Iliyobaki Kwenye Bomba

Watu wa Kalenga wakimwona farasi huuliza mambo mawili: analima, au analiwa? Nimeulizwa hivyo na mchungaji, na mwenyekiti wa kijiji, na mama mkwe wangu mwenyewe, Mungu amlaze pema. Nilikuwa nawajibu kwa ukali. Halimi, haliwi, anapandwa. Na kama hujui kupanda, kaa pembeni uangalie. Ndivyo nilivyokuwa, mtu wa mdomo. Sasa haniulizi mtu, maana farasi hayupo, na mimi mwenyewe sina tena hamu ya kujibu chochote.

Nilimpata kwa sababu hakutakiwa. Miaka kumi na tisa nilikuwa mtunza farasi kwenye shamba la wazungu, mume na mke, nje ya mji wa Iringa, barabara ya kuelekea Mbeya. Walikuwa na farasi wanane wa kuwapandisha wageni. Walipozeeka wakaamua kurudi kwao, wakauza kila kitu. Akabaki jike mmoja wa kahawia, umri umekwenda, jino la nyuma bovu, vumbi likizidi anakohoa. Mnunuzi hakupatikana. Yule mzee akaniambia wazi: umchukue wewe, au nimpige risasi kabla sijaondoka. Alisema huku anaangalia pembeni. Nikamtia kamba, nikatembea naye hadi nyumbani, safari ya siku nzima. Tulipopita Ipogolo malori yalitupigia honi, na mimi nimevimba kichwa kama bwana harusi.

Mke wangu alimtazama kuanzia masikio hadi mkia, akasema, "Haya, umeniletea mke mwenza. Na huyu anakula kuliko mimi." Tangu siku hiyo akamwita hivyo, mke mwenzangu, lakini maganda ya karoti hakuyatupa tena kwenye shimo la taka.

Sitaki kudanganya kwamba nilimweka kwa faida. Magoti yangu yameisha. Nikitembea kwa miguu ni mzee tu anayejikongoja, watoto wa shule wananipita bila hata kunisalimia. Juu ya mgongo wake nilikuwa mtu. Jioni tulikuwa tunashuka mtoni, yeye anajua njia, mimi nimelegeza hatamu, na wanawake waliokuwa wanafua wananipungia mikono, "Kamwene, mzee wa farasi!" Naitikia kutoka juu kabisa. Raha ile siwezi kuieleza, na wala sitaipata tena.

Na nilimtunza, jamani. Alfajiri kabla sijanywa chai nilikuwa nimekwisha kumwinua miguu minne, mmoja mmoja, nachokoa kwato, natoa mawe na matope. Nampiga brashi mwili mzima. Majani makavu nayanyunyizia maji kidogo asikohoe. Pumba nilichukua kwa dada mmoja mjane, mwenye mashine ya kusaga hapa kijijini, naziloweka kwanza, nampa kiasi cha bakuli moja basi. Farasi hawezi kutapika. Kibaya kikishaingia tumboni kimeingia, na tumbo ndilo linalowaua. Niliwaambia watu hilo hadi wakalichoka. Jirani yangu mwenye punda alipomnywesha punda wake mafuta ya kula kwa chupa, nilimfokea barabarani mbele ya wanawe. Nilimwita mjinga. Mjinga, nilisema, tena mara mbili.

Kupe walikuwa shida ya kila masika. Kule shambani kwa wazungu tulikuwa tunawatoa kwa vidole, masikioni, chini ya mkia, mmoja baada ya mwingine, tunawatia kwenye kopo la mafuta ya taa. Dawa ilikuwapo, lakini yule mama aliifungia kabatini na kuipaka mwenyewe kwa kitambaa, mahali padogo padogo. Sisi watunzaji tulicheka. Tuliona ni madeko tu ya kizungu, mtu anamfanyia mnyama kama anampaka mtoto losheni. Sikuuliza ile ni dawa gani wala kwa nini si ile ya ng'ombe. Miaka kumi na tisa sikuuliza.

Hapa nyumbani nina ng'ombe wawili wa maziwa. Kila Jumamosi ya pili nawapulizia dawa ya kupe, kama kila mtu. Na kila mtu wa huku anajua kwamba dawa ikishachanganywa na maji haikai hadi wiki ijayo, na kuimwaga ni dhambi. Kwa hiyo ile iliyobaki kwenye bomba inatafutiwa kazi: unampulizia mbwa, unapulizia banda la mbuzi, ukuta wa kuku. Hata baba yangu alifanya hivyo. Jumamosi ile mvua ilikuwa imekatika, kupe wamemjaa farasi hadi kwenye kope, vidole vyangu vimechoka, na bomba mgongoni lilikuwa bado zito. Nikasema potelea mbali. Nikampulizia kuanzia shingo hadi miguu, tumboni, mapajani, hadi akalowa chepechepe. Alitikisa ngozi, akapiga chafya. Nikamsifu kwa kutulia.

Jumapili asubuhi nikamkuta amesimama kichwa chini, mdomo wa chini umelegea. Majani ya usiku hayajaguswa. Nikaangalia sakafu ya banda: hakuna mavi. Farasi mzima hujaza toroli, na huyu hakuwa ameacha hata donge moja. Nikaweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi siku zote linanguruma, linachemka kama maharage jikoni. Nilisikiliza upande wa kushoto, nikazunguka nikasikiliza wa kulia. Kimya. Hapo hapo nikakumbuka bomba.

Nilikumbuka, naapa nilikumbuka. Sitajificha nyuma ya ujinga.

Nikampigia daktari wa mifugo aliyeko Mbeya, ndiye peke yake ninayemfahamu aliyewahi kushika farasi. Watu walikuwa wameanza kutoka kanisani, wakasikia, wakajaa kwenye ua: wanakwaya na sare zao, jirani mwenye punda, yule dada wa mashine, mke wangu. Simu yangu ina sauti kubwa, kila mmoja alisikia. Daktari akauliza, "Mzee, amekula nini? Kuna dawa yoyote umempa, au umempaka?"

Wote walinitazama. Jirani mwenye punda alikuwa mbele kabisa.

Nikasema, "Hakuna dawa, daktari. Nadhani ni pumba. Pumba za safari hii hazikuwa nzuri."

Loo! Lilitoka lenyewe, laini kabisa. Daktari akasema nisimpe chochote cha kula, nimtembeze polepole, yeye ataanza safari alfajiri. Dada wa mashine alishika mdomo kwa mikono miwili. Sikumwangalia.

Siku nzima nilimtembeza, kutoka banda hadi barabarani na kurudi. Alikuwa anayumba. Kila baada ya hatua chache anageuza shingo, anaangalia tumbo lake, halafu ananiangalia mimi. Watu wakaleta ushauri. Mmoja akasema mnyweshe soda na mafuta. Mwingine akaja na kisu, akasema kwao ng'ombe akijaa gesi wanamtoboa hapa ubavuni, pwaa, anapona. Nikawaka. "Ebo! Huyu si ng'ombe!" nikapiga kelele hadi mishipa ya shingo ikanisimama. "Ni mara ngapi niwaambie huyu si ng'ombe?" Wakarudi nyuma kwa heshima. Wakasema, mwacheni mzee, yeye ndiye anayejua.

Daktari alifika Jumatatu saa sita mchana. Akampitishia mpira puani hadi tumboni, akamtia mafuta, akamchoma sindano ya maumivu. Farasi alisimama tu, ameniegemeza paji la uso kifuani. Mke wangu alikuwa ameingia jikoni kuchemsha maji. Daktari akapitisha kiganja chini ya singa za shingoni, akakinusa. Akanusa tena.

"Mzee. Hii ni nini?"

Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia. Sauti ilitoka ndogo, sikuitambua kama ni yangu.

Hakunifokea. Alisimama amekishika kile kiganja mbali na mwili wake. Akasema dawa ile ng'ombe haimdhuru, lakini farasi inamlaza matumbo, yanasimama kufanya kazi, na inazidi kuingia kadiri inavyokaa kwenye ngozi. Nikamwuliza, kama ningemwambia jana? Akafikiri. "Jana ningekuambia umwoshe. Maji mengi na sabuni ya kufulia. Labda ingesaidia, labda isingesaidia. Siwezi kukuambia kwa hakika, mzee."

Sabuni ya kufulia. Kipande kilikuwa juu ya karo, hatua kumi kutoka banda. Nilikichukua, nikamwosha, mimi na daktari tumekunja mikono ya mashati, povu linatiririka miguuni. Mke wangu alipotoka na maji ya moto akauliza mnamwoshea nini mgonjwa. Daktari alinitazama, akaniachia nijibu. Nikasema ni kumpoza joto.

Jumanne alasiri akalala chini, akaanza kujipigapiga, jasho linamtoka kama amemwagiwa ndoo. Daktari akasema utumbo umekwisha haribika, asiteseke zaidi. Nikamshika kichwa. Jicho lake lilikuwa kubwa na limenitegemea bado. Hilo ndilo siwezi. Angenichukia ningeweza kuishi nalo. Sindano ilikuwa ya haraka. Nilihisi kichwa kinakuwa kizito mapajani, basi. Nililia kwa sauti kama mwanamke aliyefiwa, mbele ya watu, na hakuna aliyenicheka.

Kabla ya kupanda gari daktari alinivuta kando. "Waambie wenzako wenye punda," akasema. "Hii hii inaweza kuwaua na punda." Nikasema nitawaambia.

Vijana walichimba shimo kubwa kule bondeni, tukamfukia. Jirani mwenye punda alichimba kuliko wote. Alinishika bega, akasema, "Pole sana, mzee. Hata wewe na ujuzi wako wote! Pumba mbovu hazina mtaalamu." Nikafungua mdomo. Nikaona uso wake, hauna kinyongo hata kidogo, amenisamehe lile tusi la barabarani. Nikaufunga. Nilijiambia nitasema kesho, watu wakipungua. Kesho yake nikasema Jumapili.

Wakati huo mashine ya yule dada ilikuwa imenyamaza. Naisikia kutoka kwangu ikifanya kazi, kwa hiyo najua ikinyamaza. Watu walikuwa wanabeba mahindi yao hadi mashine ya mbali, wanasema kama pumba zake zimeua farasi, unga wake je? Mke wangu, mpole kama alivyo, naye alihamia huko. Niliona gunia limefungwa juu ya baiskeli linaelekea upande mwingine, nikaingia ndani nikalala mchana kweupe, nimejifunika shuka usoni.

Jumamosi yule dada akaja mwenyewe. Nilikuwa nimekaa nje ya banda tupu. Alikuwa amejifunga kanga mbili, amebeba kikapu cha mayai, mke wangu anamfuata nyuma. Alipiga magoti chini, mbali kidogo na mimi, machozi yanamtoka kabla hajaanza kusema.

"Kaka, nimekuja kwa miguu yangu. Usiku silali. Nimezimwaga pumba zote zilizobaki, nimefagia stoo hadi kwenye nyufa, nimetafuta ukungu nisiuone, lakini najua macho yangu mabovu. Najua yule hakuwa mnyama tu kwako. Sina cha kulipa. Naomba unisamehe."

Mke wangu alikuwa analia naye. Nilitazama mikono ya yule dada, unga umeingia hadi chini ya kucha. Neno lilikuwa pale pale kooni, fupi tu. Nilisubiri litoke. Wote wawili walisubiri, wakidhani napigana na hasira.

"Inuka, dada," nikasema. "Nimekusamehe."