Hoteli ya Siku za Treni

Dorkas alipika siku za treni tu. Alikuwa mjane, akiishi na mama yake, Selina, chini ya kilima cha Kilimatinde, si mbali na stesheni. Siku ya treni aliamka alfajiri, akachinja kuku, akachemsha mayai, akakaanga maandazi. Mabehewa yaliposimama, yeye alikwisha kufika na kikapu kichwani. Aliuza madirishani bila kupunguza bei, na treni ilipopiga honi kikapu kilikuwa kimebaki na harufu ya mafuta tu. Biashara imekwisha mpaka treni nyingine.

Siku zilizobaki alipalilia mtama wake asubuhi, kisha akakaa na mama. Selina alikuwa haoni, na miguu ilikwisha nguvu. Ilibidi ainuliwe, aegemezwe ukutani, anyweshwe maji kidogo kidogo asije akapaliwa. Mchana mama akisinzia, Dorkas naye alijinyoosha kwenye mkeka barazani. Kwa biashara hiyo alikuwa ameezeka nyumba bati, wakati wauza chai walioshinda stesheni kutwa nzima walikuwa bado wanakopa sukari. Lakini wapita njia waliuona mkeka. Bati hawakuliangalia.

Mwaka wa sabini na nne watu wa mbali walipohamishiwa pale, pakawa kijiji cha ujamaa, na Mazengo, mdogo wake Dorkas, akachaguliwa mwenyekiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa maneno. Watu wakaanza kuuliza kwenye mikutano inakuwaje wao wako shamba la kijiji tangu asubuhi, na dada wa mwenyekiti amelala barazani. Mmoja akamwita kupe. Mazengo alirudi nyumbani siku hiyo hakula.

Kamati ikaamua biashara ya Dorkas iwe hoteli ya kijiji, kwenye banda karibu na stesheni, yeye awe mpishi, na ifunguliwe kila siku asubuhi mpaka jua lizame. Dorkas aliwaeleza kwamba pasipo na treni hapana mlaji, kwa kuwa wanakijiji wenyewe wanakula makwao. Wakamwambia hayo ni mawazo ya kibiashara.

Basi akawa anawasha moto kila siku. Maandazi yaliyolala yaligawiwa kesho yake, yaliyoota ukungu yakatupiwa kuku. Siku ya treni ilipofika, unga ulikuwa umepungua, naye amechoka, anatembea madirishani kama mgonjwa. Kuhusu mama, Mazengo aliahidi kwamba mkewe, Kristina, atakuwa anamchungulia. Lakini Kristina naye alipangiwa shamba la kijiji, na huko nako walikuwa wakiita majina.

Siku moja ya kiangazi Dorkas alimfuata Mazengo ofisini, akaomba kwenda nyumbani mchana kumnywesha mama.

"Leo kuna wageni wa wilaya," Mazengo akasema. "Wakikuta hoteli haina mtu nitasema nini?"

"Sema nimekwenda kwa mama yako."

"Wewe ni dada yangu. Nikikuachia wewe, nitamzuia nani?"

Akarudi hotelini. Alikaa kwenye benchi, sufuria ya chai ikichemka mpaka ikawa nyeusi. Hakuja mteja. Wageni wa wilaya pia hawakuja, gari lao liliharibika njiani.

Jirani yao, Leah, ndiye aliyemkuta Selina aliporudi shamba. Mama alikuwa ametambaa akitafuta mtungi kwa mkono, akapotea upande. Alilala kifudifudi mlangoni, juani, kata ya maji ingali mkononi, kavu.

Msibani Mazengo alisimama kutoa shukrani. Akasema marehemu alipenda kazi, na alifurahi kuona watoto wake wote wanajenga taifa. Dorkas alikuwa ameketi na wanawake. Hakunyanyuka wala hakupandisha sauti.

"Mama amekufa kwa kiu, Mazengo. Mimi nilikuwa kwenye hoteli yako nafukuza nzi."

Mazengo alikaa chini bila kumaliza maneno yake, na mzee mmoja akaanzisha sala.

Hoteli haikufika masika. Unga uliisha, mafuta yakaisha, kamati ikageuza banda kuwa ghala, na kwenye mkutano ikasemwa kwamba mpishi hakuwa na moyo wa kijamaa. Mazengo aliyasikia, akapita kwenye ajenda nyingine. Baadaye kidogo wilaya ilimpa cheti cha uhamasishaji.

Dorkas akarudia siku zake za treni. Akapata kuliko zamani, maana wauza chai walikuwa wamehama. Siku zilizobaki alikuwa na nafasi tele, na hakuwa na mtu wa kumpa. Akawa anaamka asubuhi kufagia uwanja, akimaliza anaufagia tena. Wapita njia wakamsifu kwamba siku hizi amekuwa mchapakazi.