Antena Iliyonifikisha kwenye Gusaba

Mnicheke, lakini mnicheke polepole.

Patron wangu, bosi mwenye malori hapa Gisenyi, alinialika kwenye gusaba, sherehe ya posa ya binti yake, ambapo wazee wa pande mbili hubishana kuhusu ng'ombe kabla ya msichana kutolewa. Nikamwambia nina malaria. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemwahidi redio ya kuongea na madereva, na kazi nusu huninyima usingizi. Antena niliyochagua ni ya nusu wimbi, bomba la alumini la mita tano na nusu, kwa sababu haidai nyaya za kutandazwa chini yake. Nililipima na kulikata, nikalipima tena, kama fundi anayeshona suti ya bwana harusi.

Nikaisimamisha juu ya ofisi, inayopakana kwa ukuta na nyumba ya patron, ambako gusaba ilikuwa imeshaanza, nikamwita Safari, dereva aliyekuwa Nyamyumba.

"Nakusikia muzuri sana!" akajibu. "Lakini we si uko mugonjwa?"

"Malaria ya uongo hiyo! Mi nikae na wazee wanaopigia ng'ombe kelele mpaka jioni?"

Nikaachia kitufe. Ng'ambo ya ukuta kicheko kikalipuka. Halafu ikaja sauti ya patron kwenye kipaza sauti, pole kuliko nilivyostahili.

"Bon, Eriki. Redio yako iko inaongea hata kwa spika zetu. Sasa kuja hapa na malaria yako. Wazee wa ng'ombe wamekuwekea kiti mbele."