Kilemba cha Mteja wa Kwanza

Na rangi ikitoka? Swali hilo lilinikalia kifuani usiku kucha. Nikigeuka upande huu, nalo linageuka. Dada yangu mkubwa alikuwa anaolewa mvua za kwanza zikishanyesha, na familia ilinipa mimi kazi ya kuchagua kikwembe, kitenge kimoja ambacho dada mwenyewe, mama, shangazi na binamu zetu wote wangekivaa siku ile. Kwa nini mimi? Kwa sababu ya harusi ya mjomba. Siku ile jua lilikuwa kali, watu walicheza wakalowa jasho, na ilipofika saa ya kukata keki shangazi zangu wote walikuwa na shingo za kijani. Picha bado ziko ukutani sebuleni. Basi safari hii wakakata shauri: kikwembe kichaguliwe na yule aliyesoma kemia.

Ni kweli nilisoma kemia ya viwandani. Nilifundishwa asidi na mawe ya shaba. Hakuna aliyenifundisha kusimama dukani, nikatazama kitambaa, nikajua kama kitapaka shingo ya mama yangu. Lakini walikuwa wamekwisha kunipigia makofi.

Asubuhi na mapema nilimkuta tantine, dada mdogo wa baba, akinisubiri kwenye kona ya barabara na kikapu kitupu. Yeye alizaliwa Kamalondo, mtaa wa zamani kuliko yote wa Waafrika hapa Lubumbashi. Mimi nilikulia ng'ambo ya pili ya mji. Kamalondo niliijua kupitia dirisha la taksi.

"Macho yako mekundu," akasema. "Ulilala, ao ulikuwa unafanya examen?"

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, na jakaranda zilikuwa zimechanua hata vumbi la barabarani lilionekana zambarau. Tulipita kati ya nyumba ndogo za matofali mekundu, na kila nyumba ilikuwa imeota duka ubavuni. Mlangoni kwa kinyozi kulikuwa na vichwa vilivyochorwa kwa mkono, vyote vimekasirika. Nilitaka kusimama kila mahali. Tantine alinivuta hadi kwenye duka la mama mmoja wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema, duka ambalo babu yake alilifungua zamani. Ndani kulinukia ubani. Barazani fundi alikuwa anapaka mafuta cherehani yake.

Nikakiona palepale, rafu ya juu. Zambarau ileile ya jakaranda, na majani madogo ya rangi ya shaba. Moyo ukaruka. Halafu kichwa kikaanza: zambarau ni nyekundu na buluu, sasa kama moja inashika na nyingine inatoka?

"Iko muzuri sana, mama," nikasema. "Tutarudia."

Mikono ya mama ikasimama hewani. "Kurudia? Mwanangu, weye njo muntu wa kwanza kuingia leo. Ukitoka mikono mitupu, unanifungia siku yote."

Tantine akanikanyaga mguu. "Umusamehe, mama. Balimufundisha vitabu, habakumufundisha soko."

Sikujua kweli. Mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku ya muuzaji. Mkono wake ukiwa mwepesi, wengine watafuata. Mama akapunguza bei bila kuombwa, fundi akanikatia kutoka kile cha zambarau kipande cha kutosha kilemba, akakipindia na kingo. Mama akaipitisha noti yangu juu ya vitambaa vyake vyote akinong'ona bismillahi. Vikwembe vya kututosha sote alikuwa navyo, akasema, ila tusichelewe, kuna wanakwaya wanaovitaka pia: "Bamama ba chorale balikuja jana kuviangalia. Banarudia leo muchana."

Tantine akanifunga kilemba kichwani kwa ajili ya jua, na tukaingia mtaani kutazama vingine.

Sasa, kwa kuwa tulikuwa tumewahi mno, kila mlango nilioingia nilikuwa wa kwanza. Kwenye duka la vyombo nikatoka na mwiko mrefu kama jembe. Kwenye duka jingine la vitambaa, ambako hakuna kilichonipendeza, nikatoka na uzi wa kijani. Kwa mchoraji nilijikaza kabisa nisiingie. Nikaingia. Kuta zake zilijaa treni, askari, viwanda vinavyotoa moshi, na mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayetajirisha watu na kuwafilisi. Alikuwa amechorwa katika kila ukubwa, na nikatoka na mdogo kuliko wote, kwenye kipande cha mbao. Tantine alicheka hadi akakaa juu ya ndoo ya mtu.

"Ukiendelea vile, harusi tutavaa uzi na mwiko!"

Nilicheka naye. Njaa ilinishika, njaa ya kweli, ambayo sikuwa nimeisikia tangu kile kikao cha familia kilichonipa kazi hii. Tulinunua kikanda kwa mama mmoja aliyekikata kwa kisu chembamba. Ni mizizi ya porini iliyotwangwa na karanga na pilipili, ikapikwa hadi ikashikana kama nyama. Tantine alikwisha kumtangazia kwamba mimi ni mtu wa kemia.

"Aa! Basi utuambie muko nini ndani," mama wa kikanda akasema.

Niliuma. Pilipili ikapanda puani, karanga zikafuata nyuma, na nikasahau nimeulizwa nini.

"Anakamata ya pili," tantine akamjibu kwa niaba yangu.

Tukatembea hadi soko la Kenya, mtaa wa jirani hapahapa mjini, na jua likatembea nasi. Mafundi walikuwa wanagonga bati kutengeneza mbabula, majiko ya makaa, kila mmoja kwa mdundo wake, na pikipiki zikapenya katikati kana kwamba mdundo ule ni wao. Fundi mmoja aliacha nyundo hewani: "Mademoiselle! Kilemba yako iko nang'ara kupita mbabula zangu!" Halafu mwanamke muuza nyanya akaniuliza nilikinunua wapi. Tulikula michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, kwenye karatasi ya mfuko wa simenti, tukashushia na munkoyo baridi, kinywaji cha mahindi na mizizi, kwenye kibaraza cha duka la misumari. Jasho lilinitiririka mgongoni. Sikumbuki siku nyingine ambayo nilikuwa nimechoka hivyo na kufurahi hivyo.

Tantine alitoa leso yake nyeupe ajifute uso. Ghafla akanitazama.

"Simama. Usisogee."

Akanifuta paji la uso, nyuma ya masikio, shingo yote, akisugua kama ninaogeshwa. Kisha akaifungua leso mbele yangu. Ilikuwa nyekundu kwa vumbi la Kenya. Zambarau, hakuna.

"Ni udongo," akasema. "Udongo tu!"

"Lakini tantine, jasho si sabuni. Tena, kucheza usiku mzima si sawa na…"

"Weye! Siku utakutana na Yesu, utamuomba carte yake ya kitambulisho."

Nikaitazama leso. Joto, chumvi, unyevu, kusuguliwa tangu asubuhi: ningepewa maabara, ningepanga jaribio hilohilo. Nami nilikuwa nimelifanya huku nikila kikanda. Halafu nikawakumbuka wanakwaya.

Tulipanda pikipiki moja, mimi katikati, mwiko ukitangulia kama bendera. Dukani, mama wawili wa kwaya walikuwa wamesimama mbele ya rafu. Mmoja alikuwa anapapasa kikwembe changu akisema, "Iko bien, lakini tuongee kwanza na présidente."

Nililijua jibu lile. Lilikuwa langu.

"Nakamata yote," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wanakwaya wakageuka. Mama wa duka akapiga makofi: "Muntu wangu wa kwanza! Sikusema mukono yake iko mwepesi?"

Nikatoa kikwembe cha juu kabisa, cha dada yangu, nikampelekea fundi barazani pamoja na vipimo vyake nilivyokuja navyo. Akakitandaza, akachora mstari wa chaki, akainua mkasi. Kisha akanitazama, kwa kuwa mkasi ukishapita hakuna kurudisha.

"Nikate?"

"Kata."