Mkwe Wangu Alishika Ndoo

Nilifumbua macho nikaona mtu anamwaga ndoo iliyokuwa chini ya kitanda changu. Kitanda cha kipindupindu kina tundu katikati, kila kinachokutoka kinaanguka humo. Nguo sina, nimefunikwa kitenge tu. Yule mtu akageuka. Alikuwa Maduhu, aliyekuwa mume wa binti yangu. Kwetu Wasukuma mkwe hakupi hata mkono. Nilitamani kufa palepale.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima, nina miaka hamsini na mbili, nakaanga samaki mtaani kwetu Kiseke. Mvua kubwa iliponyesha, jirani yangu Kazungu akafungulia choo chake kilichojaa, uchafu ukateremka hadi kisima chetu. Hakutaka kuita gari la maji taka. Nami nikanywa bila kuchemsha. Asubuhi tumbo likafunguka: maji meupe kama ya kuoshea mchele, halafu matapishi, halafu misuli ya miguu ikakaza nikalia kama mbuzi.

Mwanangu Shija, ninayeuza naye samaki, akasema, "Mama, nyamaza. Wateja wakisikia kipindupindu, tumekwisha." Akafunga kufuli kwa nje, akaenda kuuza.

Maduhu alikuwa analeta mkaa nyumba ya pili. Akasikia kilio, akavunja kufuli. Akanifunga mgongoni kwake kwa kitenge, kwenye pikipiki, nikamharibia shati lote mpaka kambi ya wagonjwa. Ngozi ya mikono yangu ilikuwa imekunjamana kama nguo iliyolowekwa. Nesi alitafuta mshipa mara tano. Akasema, "Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine."

Maduhu hakuondoka. Siku ya pili nikapata sauti, nikamfukuza.

"Toka. Mimi ni mkweo."

"Mkwe gani, mama? Mke si ulimchukua ukarudi naye kwako?"

"Kumbe bado unamtaka!"

"Nina mke Kisesa, ana mimba."

"Basi unatafuta thawabu."

"Kanisani niliingia mara ya mwisho siku ya harusi, na ile ndoa uliivunja mwenyewe. Haya, nyanyua mguu."

Nikasema moyoni, huyu atanitangaza mji mzima, apate sifa. Wapi! Hata mke wake alijua yuko kwenye mkaa. Siku niliyoruhusiwa alinifikisha mlangoni, akawasha pikipiki kabla sijapata neno.

Nimepona. Namshukuru Mungu, namshukuru yule nesi. Wewe unayesoma, chemsha maji, na ukianza kuharisha usione aibu, kimbia.

Maisha yangu yote nimeamini anayekusaidia ana kitu anachokitafuta, ukichimba utakikuta. Kwa Maduhu nimechimba mpaka nimeogopa. Chini sijafika.

Kazungu ajibu mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Shija anijibu mimi, mama yake, kwa kufuli lile. Lakini hao nawaelewa, kila mmoja alijipenda. Wewe Maduhu ndiye umeninyima usingizi. Njoo nyumbani, uketi, heshima ya mkwe tuiweke kando, uniambie: ulipata nini? Nijibu.