Usingizi wa Dani Ufukweni

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne mwaka huu tulimzika dani. Dani ndivyo tunavyomwita bibi, na huyu, mama yake baba, ndiye aliyenilea pale Asembo Bay tangu sijajua kufunga vifungo vyangu.

Katika mahubiri, mchungaji alisoma habari za kutumaini, halafu akasema neno la Kiebrania lililoandikwa pale ni batach. Alilitamka kooni, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, na watoto wakacheka chini ya hema. Akaeleza kwamba si jambo la kichwani tu. Ni kustarehe, ni kukaa au kulala bila hofu kwa sababu kuna unayemwegemea. Wako wataalamu, akasema, wanaodhani hapo zamani maana yake ilikuwa kulala kifudifudi chini, ingawa si wote wanaokubali. Na neno hilohilo Biblia inalitumia kuwakemea walioegemea kitu kisichofaa.

Mimi niliishia darasa la nane, na Kiebrania sikijui. Lakini aliposema kulala kifudifudi niliacha kumsikiliza. Nilikuwa nimerudi ufukweni.

Wewe uliyekulia karibu na ziwa unakumbuka. Boti za omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, ziliingia alfajiri, taa zake bado zinawaka, na akina mama walikuwa tayari wamesimama majini na mabeseni yao. Dani alinunua, tukatandaza nyavu kuukuu mchangani, tukamwaga omena juu yake na kuzisambaza kwa viganja hadi ufuko wote ukametameta. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku na kunguru kwa fimbo ya tete. Nywele zangu zilinuka omena hata siku ya kanisa.

Jua likifika utosini, usingizi uliwashika wale waliokuwa wameamka usiku. Basi walilala kwa zamu, wawili wawili. Anayelala alivua slipa zake akampa mwenzake, na mwenzake akazikalia. Ukizikalia slipa za mtu huwezi kuinuka ukasahau kwamba una omena zake mkononi. Wingu likitokea, unakunja nyavu zake kwanza, kisha zako.

Wengi walilala wameketi, mgongo kwenye boti, jicho moja wazi. Dani hakuweza hivyo. Alitandika gunia, akalala kifudifudi, shavu juu ya mkono, nyayo zikitazama mbinguni, akakoroma.

Mwenzake wa zamu alikuwa jirani yetu, mama mmoja aliyetoka milimani, upande wa Nyeri. Alianza kwa kununua omena za kuuza Kisumu mjini, mwishowe akakodi chumba karibu nasi, yeye na binti yake mchanga. Wale wengine walimcheka dani.

"Mama, huyo ni mtu ya mlima. Ziwa ataijua wapi?"

"Macho iko nayo," dani akajibu. "Inatosha."

Siku iliyoharibika, nilikuwa nimetumwa nyumbani kuleta uji. Jirani alikuwa amezikalia slipa, macho yake mbele, hayabanduki majini. Kwa akili yake, mvua ingetoka wapi kama si kwenye maji yote yale? Ila kwetu mvua ya alasiri hutoka nyuma, nchi kavu, upande wa Kisumu kwenye milima. Wenzake nyuma yake walikuwa wameshaanza kukunja, kila mmoja na zake, na upepo ulikuwa unapiga kelele. Niliporudi na sufuria, dani alikuwa amepiga magoti kwenye maji ya mvua akizoa omena kwa mikono miwili. Zake na za jirani, zote zililowa. Omena ikilowa ikiwa nusu kavu imekwisha. Hiyo ni chakula cha kuku.

Sare yangu ya shule ilikuwa itoke kwenye zile omena. Niliyokuwa nayo ilikuwa imepasuka mgongoni, nami nilikuwa nikitembea nimeshika kitabu nyuma.

Jioni jirani alikuja mlangoni. "Mama, sikusinzia. Nilikuwa naangalia."

"Najua," dani alisema. "Uliangalia maji." Akaendelea kusonga ugali.

Asubuhi tuliona begi la jirani limefungwa, liko nje ya chumba chake. Ufukweni hakuna aliyetaka zamu naye, na bila mtu wa zamu kazi ile huwezi. Alikuwa anarudi kwao. Dani alipita pale na beseni kichwani, akamwambia tu, "Omena imeingia. Twende."

Adhuhuri wote walikuwa wanamtazama dani. "Leo utalala na jicho moja kama sisi," mmoja alisema. Dani alichukua kiti cha jirani, akakigeuza kikalipa ziwa mgongo. Akavua slipa akaziweka juu yake.

"Mvua ya mchana inatoka kule," akasema. "Kaa."

Kisha akatandika gunia, akalala kifudifudi. Nilisimama nikiangalia mgongo wake, nikidhani anajifanya. Haukupita muda akaanza kukoroma. Jirani hakupepesa. Nilipompelekea uji alinyoosha mkono akaupokea bila kugeuza uso.

Lile begi lilirudi ndani. Sare mpya niliipata muhula uliofuata.

Siku hizi omena ni chache, na nyingi hukaushwa juu ya vichanja vya miti. Hali ya hewa wanaiangalia kwenye simu. Nilipouliza habari za kukalia slipa, wasichana wa pale walidhani nawatania.

Baada ya maziko watu walikwenda kula. Jirani, ambaye sasa ni mzee na anaishi Mamboleo, Kisumu, kwa yule binti yake, alibaki kaburini.

"Slipa zake ziko wapi?" aliniuliza.

Nilizitoa chini ya kitanda nikamletea. Alivuta kiti cha plastiki karibu na ule udongo mbichi, akakigeuza kikalipa ziwa mgongo, akaziweka slipa juu yake na kuzikalia. Upande wa Kisumu kulikuwa na wingu. Nilimletea chai. Alinyoosha mkono akaipokea bila kugeuza uso.