Kasoro za Laptop ya Muzamil

Mimi kazi yangu ni kushona, si kusikiliza ya watu. Lakini kati ya cherehani yangu na stesheneri ya Faudhia, karibu na stendi ya Babati, kuna ukuta wa mbao tu, tena mbao zenyewe zimepinda. Kwa hiyo nisilaumiwe kwa ninayoyajua.

Faudhia alikuwa mchapaji. Tangu tupewe mkoa wetu wa Manyara, watu walishikwa na homa ya barua: za kuomba kazi, za kuomba kiwanja, za kulalamika kwamba kiwanja kapewa mwingine. Zote zilipita mikononi mwake. Hata barua za posa alichapa, na kila akimaliza aliuliza swali lile lile kwa sauti ile ile: "Kopi ngapi?" Alikuwa na miaka thelathini na sita, na hakuna aliyewahi kumletea posa yenye jina lake mwenyewe.

Ndipo Muzamil, muuza redio na simu wa ng'ambo ya barabara, alipoleta laptop. Aliinunua Dar es Salaam, ya aina ghali, nyembamba kama daftari la shule.

"Dada Faudhia, kaa nayo mpaka Jumamosi," alisema. "Uniambie uzuri wake na kasoro zake. Ikifaa, nitaagiza nyingine niuze."

Faudhia alichora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa uzuri ulijaa siku hiyo hiyo. Tuliipeleka kwenye mizani ya mnunuzi wa mbaazi, ikaja kilo moja na robo, wakati kompyuta yake ya zamani ukiibeba peke yako unalala na maumivu ya kiuno. Inawaka kabla hujakaa vizuri. Umeme ukikatika, inachapa kazi saa tano nzima kama vile haijapata habari.

Muzamil alipokuja jioni kuuliza, ningekuwa mimi ningemsomea yote. Faudhia alifunga daftari. "Ina kasoro," alisema. "Haina pa kuingizia CD."

Muzamil akavuta kiti. Wakaongea habari za CD saa nzima. Jamani, saa nzima, CD!

Nikaelewa mchezo. Jumatatu ilikuwa CD. Jumanne, tundu la flashi ni moja tu. Jumatano, betri haichomoki, ikichoka lazima uende kwa fundi Arusha. Alhamisi, kioo kinang'aa mno, unajiona sura badala ya kazi.

"Na kuiona sura yako ni kasoro?" Muzamil aliuliza.

Faudhia alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwa miaka yote ya ujirani wetu. Nikashona mkono wa gauni la mteja kwenye shingo.

Ijumaa alinijia mbio. "Mama Anifa, nisaidie kasoro! Kesho anaichukua, hatakuwa tena na sababu ya kuja."

"Mwambie haijui kupika pilau."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega, lakini machozi yake hayakuwa ya kicheko peke yake. Alimpenda yule mtu, na zilikuwa zimebaki saa chache.

Jumamosi mji mzima haukuwa na umeme. Muzamil alikuja saa saba, shati limepigwa pasi mpaka mistari inasimama.

"Kasoro ya leo?"

"Zimeisha," Faudhia alisema, kwa sauti ndogo kabisa.

"Basi nichapie barua kwenye hiyo hiyo laptop. Ya posa."

Nikasimamisha cherehani. Moyo wangu ulianguka, sembuse wake. Lakini kazi ni kazi. Nilimsikia akivuta kiti, akikohoa. "Iende kwa nani?"

"Mzee Shaaban, Nakwa."

Vidole vikasimama. Mzee Shaaban wa Nakwa ni baba mdogo wa Faudhia, ndiye aliyemlea.

"Nakwa kuna Mzee Shaaban wangapi?"

"Mimi namjua mmoja."

"Mabinti zake wote wameolewa."

"Kabaki wa kaka yake."

Nilipiga kigelegele, ndipo nikakumbuka kwamba mimi sisikilizi.

Mara akatokea mume wangu Ibra amevaa koti. Kumbe ndiye mshenga! Alijua tangu Jumatano, na mzee alishaambiwa wageni wanafika saa kumi. Mtu ninayelala naye chumba kimoja, hakuninong'oneza hata neno!

Ugomvi wetu niliuweka kwa baadaye, maana barua ilikuwa imegoma kutoka. Printa haikuwa na umeme, na hata ungekuwepo, waya wake mnene wa zamani hauna pa kuingia kwenye ile laptop.

"Hiyo ndiyo kasoro niliyoisahau!" Faudhia alipiga kelele.

Kuandika kwa mkono? Mwandiko wa Muzamil yeye mwenyewe hausomi. Wa Faudhia mzee anaujua, na msichana hajiposi. Mimi naandika vipimo tu. Basi Ibra, ambaye tangu tuoane hajawahi kupata wazo, alichukua bahasha kubwa ya kaki, akaitelezesha laptop ndani. Ikaingia yote.

Nilitangulia Nakwa kusaidia jikoni, nikasimama mlangoni na sahani. Mzee Shaaban alipokea bahasha, akaipimapima mkononi, akalitazama koti la Ibra, akavuta kilichomo. Ibra alikifunua huku jasho likimtoka. Herufi zilikuwa kubwa, mzee hakuhitaji hata miwani. YAH: KUOMBA UCHUMBA. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akaifunika, akairudisha kwenye bahasha, akaenda kuiweka chini ya godoro.

"Imepokelewa," alisema. "Barua ya posa inakaa kwa wazee mpaka ijibiwe."

Ibra akarudi mjini mikono mitupu.

Jumatatu asubuhi, umeme umerudi, mzee aliingia stesheneri na bahasha kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Barua imezima, na shangazi yako wa Singe hajaisoma. Ichaji." Akakaa. "Huyo mtu unamtaka?"

Nilisogeza sikio kwenye ukuta wa mbao.

"Namtaka, baba," Faudhia alisema, wala hakushusha sauti.

"Basi chapa majibu, mimi nitaweka sahihi."

Alichapa kwenye ile kompyuta yake nzito. Mara mbili alikosea jina lake mwenyewe. Printa ilipoanza kulia nilishindwa kuvumilia, nikaingiza kichwa mlangoni.

"Kopi ngapi?"

Faudhia aligeuka, uso umelowa, meno yote nje. "Kumi, Mama Anifa! Toa kumi!"

Moja alinipa mimi. Ipo juu ya cherehani yangu mpaka leo.